Umesasisha programu dhibiti na data zimetoweka: jinsi ya kutafuta chanzo

Kifaa kimefanya kazi kwa miezi. Kimekusanya vipimo, kimekumbuka nenosiri la Wi-Fi, kimetunza thamani za urekebishaji wa kihisi ulizozihangaikia siku nzima. Leo umekipakia programu dhibiti mpya (firmware, yaani programu inayokiendesha), kimewaka vizuri, ila kimesahau kila kitu.

Jambo la kwanza ni kuacha kuandika. Usipakie tena toleo la zamani ukidhani data zitarudi zenyewe, na usikiache kifaa kijiwashe na kujizima. Programu nyingi zikikuta mipangilio haieleweki huandika ya kiwandani juu yake, na hapo ndipo data zilizokuwa bado zimo ndani ya chipu hupotea kweli. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona data nyingi zikiharibiwa na jitihada za kuzirudisha kuliko na sasisho lenyewe.

Data zilizotoweka huwa katika moja ya hali tatu. Zimefutwa, au ziko palepale, ila programu mpya inazitafuta mahali pengine, au programu inazipata mahali pake na kuzisoma vibaya. Hali mbili za mwisho zinaokoleka. Kwa hiyo anza kwa kuisoma kumbukumbu ya chipu ilivyo, bila kupitia programu yako.

Kwa ESP32, chipu yenye Wi-Fi, ikiwa na flashi (kumbukumbu inayobaki umeme ukikatika) ya MB 4, tumia chombo cha esptool:

```
esptool.py --after no_reset read_flash 0 0x400000 yote.bin
```

Ile `--after no_reset` ina maana yake: bila hiyo, chipu huanzishwa upya baada ya kusomwa na programu mpya hupata nafasi nyingine ya kuandika. Matoleo mapya ya chombo hiki hutumia kistari cha kawaida, `read-flash`, badala ya kistari cha chini. Kwa kasi ya 115200 kazi hii huchukua dakika sita hivi, vumilia.

Kwa ATmega328P, chipu ya familia ya AVR iliyo kwenye Arduino Uno, tumia programa ya ISP, yaani kifaa cha nje kinachosoma na kuandika chipu moja kwa moja, pamoja na avrdude, programu ya kompyuta inayokiendesha:

```
avrdude -c usbasp -p m328p -U eeprom:r:eeprom.bin:r
```

Usijaribu kuisoma EEPROM, kumbukumbu ndogo ya data ndani ya chipu hiyo, kupitia butiloda ya Uno, ile programu ndogo inayopokea msimbo kwa USB. Butiloda hiyo, Optiboot ya kawaida, ilibanwa iingie kwenye baiti 512 na haishughulikii EEPROM, hivyo unaweza kurudishiwa yaliyomo kwenye flashi ukadhani ndiyo data zako.

Sasa lifungue faili ulilolipata kwa kihariri cha heksadesimali. Ukikuta `FF` tupu mahali pa data, zimefutwa, kwani kumbukumbu iliyofutwa husomeka hivyo. Ukiona jina la mtandao wako wa Wi-Fi au namba unazozitambua, pumua: data zipo, na kilichobaki ni kujua kwa nini programu haizioni.

Dalili: EEPROM ya AVR ni FF tupu, na hufutika kila unapopakia kwa programa

Ukipakia kwa waya wa USB kupitia butiloda, EEPROM hubaki. Ukipakia msimbo uleule kwa programa ya ISP, inafutika. Tofauti iko hapa: avrdude inapoandika flashi kwa programa, kwanza huiamuru chipu ijifute yote, na amri hiyo hufuta EEPROM pia isipokuwa fyuzi (biti ya mipangilio ya kudumu ya chipu) ya EESAVE imewekwa. Kiwandani haiwekwi.

EESAVE ni biti ya 3 ya fyuzi ya juu, na kwenye AVR biti ya fyuzi "iliyowekwa" husomeka 0. Uno huja na fyuzi ya juu yenye thamani 0xDE. Ukiiweka EESAVE inakuwa 0xD6. Soma kwanza thamani iliyopo kwenye chipu yako, ndipo ubadilishe biti hiyo moja tu:

```
avrdude -c usbasp -p m328p -U hfuse:r:-:h
avrdude -c usbasp -p m328p -U hfuse:w:0xD6:m
```

Usinakili 0xD6 bila kusoma. Chipu mpya kutoka kiwandani ina 0xD9, na kwake jibu sahihi ni 0xD1. Katika fyuzi hiyohiyo imo biti ya RSTDISBL, ambayo ukiiweka programa ya ISP haitaifikia chipu tena.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata wanaoijua EESAVE. Ukichagua "Burn Bootloader" kwenye Arduino IDE, fyuzi zote huandikwa upya kama faili la bodi linavyosema. Ulinzi wako unaondoka kimyakimya, na EEPROM inafutwa katika kazi hiyohiyo. Anayehitaji kufanya hivyo mara kwa mara abadilishe thamani ndani ya faili la bodi lenyewe.

Na kama unapitia butiloda peke yake lakini EEPROM bado inafutika, mfutaji ni msimbo wako. Tafuta kitanzi kinachoandika mipangilio ya mwanzo ndani ya `setup()`.

Dalili: ESP32 imepoteza Wi-Fi na mipangilio yote baada ya kupakiwa kwa waya

Hapa vyanzo ni vingi na vinafanana kwa nje, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa kawaida, kupakia programu kwenye ESP32 hufuta sekta zile tu zinazoandikwa. Programu hukaa kuanzia 0x10000, jedwali la vizigeu, yaani orodha ya mafungu ya flashi, liko 0x8000, na NVS, yaani kizigeu kinachotunza mipangilio, huanza 0x9000. Kuandika programu peke yake hakuigusi NVS. Ikifutika, jiulize nini kimeandikwa zaidi ya programu.

Jibu jepesi ni `erase_flash`, amri ya esptool ya kufuta flashi yote, au ile menyu ya Arduino IDE ya "Erase All Flash Before Sketch Upload" iliyoachwa kwenye "Enabled". Angalia hilo, limalize, uendelee.

Jibu ambalo watu wengi hawalifikirii ni faili lililounganishwa. Ili kumrahisishia mteja, tunaunganisha butiloda, jedwali la vizigeu na programu kuwa faili moja la kuandikwa kuanzia anwani 0. Kati ya jedwali na programu pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo NVS ilimo. Faili moja haliwezi kuwa na shimo katikati, kwa hiyo `merge_bin`, amri ya kuunganisha, hulijaza kwa 0xFF, na esptool huziandika hizo FF kwa uaminifu juu ya data za mteja. Faili la namna hii ni zuri kwa kifaa kipya kinachotoka mezani kwa mara ya kwanza. Kwa kifaa kilichokwisha kuanza kazi ni sumu. Mpe mteja faili la programu peke yake, liandikwe 0x10000, au usasishe kupitia mtandao. Sasisho hilo la mtandao, yaani OTA, huandika kizigeu cha programu na alama ya kizigeu cha kuwashia, basi, haligusi NVS.

Chanzo cha tatu ni kubadilika kwa jedwali la vizigeu. Chukua mradi ulioanza na jedwali la kawaida la ESP-IDF (zana rasmi za ESP32) lenye programu moja: NVS iko 0x9000 na ukubwa wake ni 0x6000, yaani kurasa sita za KB 4. Ukauhamishia kwenye jedwali la kawaida la Arduino. NVS bado iko 0x9000, lakini sasa ni 0x5000, na 0xe000 pamekuwa pa `otadata`, kizigeu cha alama ya kuwashia. Ukurasa wa sita wa NVS umekatwa na kupewa mwenye nyumba mwingine.

Kinachofuata ndicho kinachomaliza data. NVS inapofunguliwa lazima iwe na ukurasa mmoja mtupu wa akiba. Ikiwa ule uliokatwa ndio uliokuwa mtupu, `nvs_flash_init()` hurudisha `ESP_ERR_NVS_NO_FREE_PAGES`. Na karibu kila mfano tulionakili una mistari hii:

```c
esp_err_t err = nvs_flash_init();
if (err == ESP_ERR_NVS_NO_FREE_PAGES ||
    err == ESP_ERR_NVS_NEW_VERSION_FOUND) {
    ESP_ERROR_CHECK(nvs_flash_erase());
    err = nvs_flash_init();
}
```

Isome polepole. Inasema: ukipata shida kufungua, futa vyote uanze upya. Kwa mfano wa kujifunzia ni sawa. Kwa kifaa kinachotunza kitu cha thamani sikubaliani nayo hata kidogo. Mbaya zaidi, maktaba ya Arduino ya ESP32 hufanya jambo hilohilo yenyewe kabla `setup()` haijaanza, kwa hiyo utapekua msimbo wako wote usimwone mfutaji.

Tiba: hifadhi faili la CSV la vizigeu pamoja na msimbo wa mradi, na toleo la kwanza likishatoka usibadilishe mwanzo wala ukubwa wa kizigeu chochote cha data. Ukihitaji nafasi zaidi, ongeza kizigeu kipya mwishoni. Data zenye thamani kubwa, kama za urekebishaji, ziwekee kizigeu chake cha NVS chenye jina lake, ukifungue kwa `nvs_flash_init_partition()`, na kikikataa kufunguka, programu itoe taarifa ya kosa bila kufuta kitu.

Kama ulisoma flashi kabla ya yote haya, kurudisha NVS ni amri moja. Kata baiti za eneo hilo kutoka `yote.bin`, rudisha jedwali la zamani, halafu:

```
esptool.py write_flash 0x9000 nvs.bin
```

Kifaa kikitumia usimbaji wa NVS, nakala hiyo haina faida bila funguo zake.

Dalili: Mipangilio ipo, ila mafaili yamepotea

Ukipakia picha ya mfumo wa mafaili, kizigeu kizima kinaandikwa upya. Watu huweka kurasa za wavuti na kumbukumbu za vipimo ndani ya LittleFS (mfumo wa mafaili wa flashi) moja. Siku wakisasisha ukurasa, vipimo vya miezi vinakwenda nao. Tenganisha vizigeu viwili: kimoja cha vitu vinavyotoka kwako, kingine cha vitu vinavyozaliwa ndani ya kifaa.

Kisha chunguza mstari unaofungua mfumo. `LittleFS.begin(true)` kwenye ESP32 humaanisha: ukishindwa kufungua, fomati. Ndivyo kizigeu kilichokuwa SPIFFS kinavyogeuka kitupu siku ulipohamia LittleFS, kwani mifumo hiyo miwili haisomani. Weka `false`, na kufomati kuwe tendo linaloombwa na mtu kwa makusudi. Kwenye ESP8266, chipu iliyoitangulia ESP32, ni kinyume: kufomati pale kufungua kunaposhindikana ndiyo tabia ya kawaida, na wewe ndiye wa kuizima.

Angalia pia chaguo la "Flash Size" kwenye menyu ya ESP8266. Ukihama kutoka mfumo wa mafaili wa MB 2 kwenda wa MB 3, mwanzo wake unahama kutoka 0x200000 hadi 0x100000. Mafaili yako hayajafutwa bado, programu inayatafuta mlango usio wake. Lakini kufomati kukiruhusiwa, hayatadumu. Raspberry Pi Pico ina tatizo la aina hiyohiyo: faili la UF2, linalobeba programu yake, huandika maeneo yake tu, ila ukibadilisha ukubwa wa mfumo wa mafaili kwenye menyu, mwanzo wake unahama.

Dalili: Data zipo, lakini namba ni za ajabu

Joto linasomeka nyuzi milioni tatu. Muda wa kusubiri umekuwa 0. Hapa hakuna kilichofutwa. Umebadilisha muundo wa data kisha ukausoma muundo mpya kutoka kwenye baiti za zamani.

```c
struct Mipangilio {
    uint8_t  toleo;
    uint16_t muda;
    float    kizidisho;
};
```

Kwenye AVR muundo huu ni baiti 7. Kwenye chipu ya biti 32 ni baiti 8, kwa sababu kompaila huacha baiti moja tupu baada ya `toleo` ili `muda` ikae kwenye anwani shufwa. Sasa ongeza `bool kengele` mara baada ya `toleo`. Kwenye AVR kila kinachofuata kinasogea baiti moja, na namba zote zinaharibika mara moja, angalau utaona. Kwenye chipu ya biti 32 uga mpya unaingia ndani ya ile baiti tupu, ukubwa unabaki 8, kila kingine kinasomeka sawasawa, na `kengele` inachukua takataka yoyote iliyokuwamo. Ukaguzi wa ukubwa kwa `sizeof` hauoni kitu. Kosa la aina hii linaweza kukaa miezi, likijitokeza kwenye vifaa vichache tu, na kumfanya mtu amlaumu muuza vipuri.

Ndiyo maana uga mpya huongezwa mwishoni, na muundo hubeba kichwa chenye vitu vinne: namba ya utambulisho unayoichagua mwenyewe, namba ya toleo la muundo, urefu, na CRC (namba ya kukagua kama data ni nzima) ya baiti zilizobaki. Programu mpya ikikuta toleo la zamani, ilisome kwa muundo wa zamani uliobaki kwenye msimbo, ihamishe uga mmoja mmoja, ijaze uga mpya kwa thamani ya kuanzia. Usifute muundo wa zamani kwenye msimbo hadi uhakikishe hakuna kifaa kinachoutumia huko nje.

CRC isipolingana, tumia thamani za kuanzia kwenye RAM tu. Usiziandike. Kifaa kitafanya kazi, na data za zamani zitabaki zikisubiri mtu wa kuzichunguza.

Wanaotumia `EEMEM`, alama ya kuweka kigezo ndani ya EEPROM, kwenye AVR wana aina yao ya tatizo hili. Kila kigezo hupewa anwani wakati wa kujenga programu, na ukiongeza kimoja au ukibadilisha toleo la kompaila, mpangilio unaweza kubadilika. Kusanya vyote ndani ya muundo mmoja ulio kwenye anwani unayoijua.

Dalili: Uga mmoja tu wa NVS umerudi kwenye thamani ya mwanzo

NVS hutunza aina ya data pamoja na ufunguo, yaani jina la thamani. Thamani uliyoihifadhi kwa `putUInt` ukiiomba kwa `getUChar`, hupewi namba iliyopunguzwa. Unapewa thamani ya msingi kana kwamba ufunguo haupo. Hivyo aliyebadilisha aina ya kigezo "kuokoa nafasi" amempotezea mtumiaji mpangilio wake. Jina la ufunguo nalo lisizidi herufi 15. Ufunguo uliorefushwa kupita hapo unakataliwa, na msimbo usiokagua jibu la kuandika hautakwambia.

Kwenye ESP8266, kosa la jirani ni kusahau `EEPROM.commit()`. EEPROM yake ni ya kuigiza: nakala iliyo kwenye RAM inayoandikwa kwenye sekta moja ya flashi unapoamuru. Data zilionekana kuwepo kwa sababu kifaa hakijawahi kuzimwa. Sasisho limekuwa siku ya kwanza kuzimwa, nalo likabebeshwa lawama.

Dalili: STM32 imefutika yote

STM32F103 haina EEPROM. Data hukaa kwenye kurasa za mwisho za flashi. Kwenye chipu ya KB 64 yenye kurasa za KB 1, ukihifadhi kurasa mbili, eneo lako linaanza 0x0800F800, na hati ya linka (inayopanga programu ikae wapi) inapaswa kuambiwa kuwa programu ina KB 62 tu:

```
FLASH (rx) : ORIGIN = 0x08000000, LENGTH = 62K
```

Bila mstari huo, siku programu ikikua itapanda juu ya data na hakuna atakayekuonya. Ukiwa nao, kujenga kunakataa. Kwenye programa chagua kufuta kurasa zinazohusika, usichague kufuta chipu nzima. Na kama ulinzi wa kusoma uko daraja la 1, kuushusha hadi 0 hufuta flashi yote. Ndivyo ulivyokusudiwa, na hakuna njia ya kuuzunguka. Data za kifaa kama hicho zitolewe na programu yake yenyewe kabla ya kuugusa.

Dalili: Hutokea mara chache, bila mpangilio

Shuku umeme. Kuandika baiti moja ya EEPROM kwenye ATmega328P huchukua kama milisekunde 3.4, na volteji ikishuka katikati ya kazi hiyo, baiti inaweza kuharibika. Washa kigunduzi cha kushuka kwa volteji, kile cha fyuzi za BODLEVEL. Zaidi ya hapo, tunza nakala mbili zenye namba ya mfululizo: andika juu ya ile ya zamani, na kifaa kinapowaka kichague yenye namba kubwa ambayo CRC yake ni nzima. Umeme ukikatika, unapoteza badiliko la mwisho tu.

Dalili: Sasisho lilishindwa, toleo la zamani likarudi, na sasa halisomi data zake

Hili hutokea kwa wale waliofanya mengi sahihi. Programu mpya ilihamisha data kwenda muundo wa toleo la 3, kisha ikaanguka. Butiloda ikarudisha programu ya zamani, ambayo inajua toleo la 2 tu.

Andika muundo mpya chini ya ufunguo mpya, kwa mfano `mip_v3`, na uuache `mip_v2` ulivyo. Programu mpya ikishathibitika kuwa nzima, imeunganika na mtandao na kusoma vihisi vyake, ndipo iite `esp_ota_mark_app_valid_cancel_rollback()`. Ufunguo wa zamani ufutwe baada ya hapo, au hata katika sasisho linalofuata. Baiti chache za NVS ni gharama ndogo.

Kabla ya kutoa toleo, chukua kifaa chenye programu ya zamani kabisa ambayo bado inatumika, kijaze data unazozijua, kisha ukisasishe kwa njia ileile atakayotumia mteja. Soma data. Kirudishe toleo la zamani kwa nguvu, usome tena. Halafu rudia yote ukichomoa umeme katikati ya kuhamisha data, mara kadhaa, kila mara kwa wakati tofauti.